Kutoka Lisbon hadi Athens: Umbali, Upepo na Saa

Ndege ya jeti yaondoka Lisbon, mji mkuu wa Ureno, saa sita kamili mchana, na kufika Athens, mji mkuu wa Ugiriki, saa kumi na moja na dakika 8 jioni. Siku ya pili yaondoka Athens saa sita mchana na kufika Lisbon saa saba na dakika 48. Kwa saa za viwanjani, kwenda kumechukua zaidi ya saa 5, na kurudi hata saa 2 hazikutimia. Je, umbali umepungua?

Umbali
Dunia ni mviringo, na nusu kipenyo chake ni kilomita 6,371 hivi. Kwa hiyo njia fupi haipimwi kwa rula juu ya ramani, bali kwa uzi uliovutwa juu ya tufe. Uzi huo hupinda kidogo kuelekea kaskazini, nao waonyesha kilomita 2,850 hivi. Anayeambatana na mstari wa latitudo huongeza kilomita 14 hivi. Kwenda na kurudi, umbali ni ule ule.

Upepo
Hewa ya kusini ina joto na ya kaskazini ni baridi. Tofauti hiyo, pamoja na mzunguko wa dunia, huzaa mikondo ya upepo mkali ivumayo kutoka magharibi kwenda mashariki, kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12, ambako ndege za jeti hupita. Tuseme kasi ya ndege katika hewa ni kilomita 830 kwa saa na ya upepo ni 80. Ikienda mashariki husukumwa, kasi ikawa 910, na safari huchukua saa 3 na dakika 8. Ikirudi huzuiwa, kasi ikawa 750, na safari huchukua saa 3 na dakika 48. Dakika za kupaa na kutua hazimo katika hesabu hii.

Pasipo upepo, safari zote mbili zingechukua saa 6 na dakika 52. Penye upepo zachukua saa 6 na dakika 56. Upepo haulipi deni lake lote, kwa kuwa ndege hukaa muda mrefu zaidi ikizuiwa kuliko ikisukumwa.

Saa
Saa ya Athens hutangulia ya Lisbon kwa saa 2. Ziongezwe wakati wa kwenda, zitolewe wakati wa kurudi, na fumbo la mwanzo lafumbuka.

Faida ya hesabu hii
Rubani hajazi mafuta kwa kutazama kilomita peke yake. Hupima upepo wa siku hiyo, kisha huongeza akiba: mafuta ya kufikia uwanja mwingine inapohitajika, na ya mwisho kabisa ya kuruka dakika 30. Akipunguza, anahatarisha maisha; akizidisha mno, uzito wenyewe huteketeza mafuta.

Zoezi
Upepo ukifikia kilomita 100 kwa saa, safari zote mbili zitachukua muda gani? (Jibu: saa 6 na dakika 58.)