UKUBWA WA KUKU HUTOKA KWA NANI?

Hapa Pemba, mfugaji atakaye kukuza kuku wake huazima jimbi wa kuchi, kwani kuchi ni mrefu na mzito. Wengine huuza mitetea wadogo ili wanunue wakubwa. Je, gharama hiyo ni ya lazima? Elimu ya urithi yatusaidia kujibu.

Sehemu kubwa ya urithi wa ukubwa hutoka kwa wazazi wote wawili. Lakini iko sehemu ifuatayo jinsia. Ng'ombe jike ana kromosomu X mbili, na fahali ana X na Y. Kwa ndege ni kinyume: jimbi ana Z mbili, na mtetea ana Z moja na W moja. Mtetea humpa binti yake W. Kwa hiyo Z ya tembe ni ya baba peke yake. Pora hupata Z moja kwa kila mzazi.

Mwaka 1959 F. B. Hutt wa Marekani alieleza urithi wa ufupi uliomo katika Z. Mtetea mwenye urithi huo huwa mdogo sana, lakini akipandwa na jimbi wa kawaida, matembe wake hukua vizuri. Faida ni kwamba mama mdogo hula kidogo.

Tutapimaje kuku wetu? Tufanye makundi mawili: (1) jimbi mkubwa na mitetea wadogo, (2) jimbi mdogo na mitetea wakubwa. Vifaranga wawe wengi, wale chakula kimoja, wapimwe kwa umri mmoja. Tembe alinganishwe na tembe, na pora na pora, kwani madume kwa kawaida huwa wazito zaidi.

Tuseme tumepata wastani huu:
Matembe: kundi la 1 gramu 1,200, la 2 gramu 1,000.
Mapora: kundi la 1 gramu 1,400, la 2 gramu 1,450.

Mapora wote wana Z moja ya kila aina. Basi zile gramu 50 si za Z, bali ni za mama, kwa mfano ukubwa wa yai lake. Matembe wa kundi la 2 nao walipata msaada huo, na hata hivyo wamepungua gramu 200. Kwa hiyo tofauti ya Z ni 200 na 50, yaani gramu 250.

Tembe ndiye abakiye nyumbani kutaga. Basi, ndugu wasomaji, kabla ya kuuza mitetea wadogo, tushike mizani kwanza.