MFANO WA UWANJA WA MOTOKAA ZA SAFARI



Nadhani ni wachache waliolelewa Gitega au Muyinga ambao hawakupata kutengeneza motokaa ya kuchezea, ikiwa kwa waya, kwa kopo, au kwa gogo la mgomba. Leo nataka kuwaeleza kazi inayofanana na hiyo, lakini ngumu zaidi: kutengeneza mfano mdogo wa mahali pazima, pamoja na motokaa, watu, vyombo na hata matope yake. Mahali penyewe ni uwanja wa mafundi wa mashindano ya Safari katika miaka ya 1960. Nitaeleza jinsi nilivyofanya, na pia jinsi nilivyokosea, maana kosa lilinifundisha kuliko ustadi.

Kwanza yafaa mjue habari za mashindano yenyewe. Yalianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, na yalipita katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 yakaitwa East African Safari. Hayakuwa mashindano ya kuzunguka kiwanja. Madereva walishika barabara za kawaida, nyingi zake za udongo, usiku na mchana, kwa maelfu ya kilometa, na katika miaka hiyo ya 1960 yalifanywa wakati wa Pasaka, mvua za masika zinaponyesha. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya alishinda pamoja na ndugu yake Jaswant, kwa Volvo iliyokuwa imekwisha kutumika. Mwaka 1963 motokaa 84 ziliondoka, zikafika 7 tu. Mwaka 1968 vilevile zilizofika zilikuwa 7. Miaka hiyo miwili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, katika Peugeot 404. Mashindano haya yapo hata leo, na mwaka 2021 yalirudishwa katika ubingwa wa dunia.

Njiani palikuwa na nyua ambamo mafundi walizingoja motokaa. Motokaa iliingia, ikafanyiwa kazi kwa dakika chache, ikaondoka. Ua wa namna hiyo ndio niliotaka kuufanyia mfano.

Burundi haikuwa katika njia ya Safari. Lakini mjomba wangu wa Muyinga, kama Warundi wengi wa zamani, alikwenda Uganda kutafuta kazi, na mwaka 1968 alikuwa kijana wa gereji mjini Kampala. Sisi nyumbani tulijua hayo tu. Siku hizi macho yake yamefunikwa na mtoto wa jicho. Daktari alimwambia kwamba akipasuliwa ataweza kuona tena, naye akakataa, akasema mzee hakatwi jicho. Mimi ni seremala hapa Gitega. Sikuwa na maneno ya kumshawishi, basi nikaona nimpelekee kitu cha kutazama kabla macho hayajafunga kabisa.

KIPIMO

Kabla ya kushika msumeno, hapana budi kuchagua kipimo. Mimi nilichagua moja kwa ishirini na tano, yaani kitu cha kweli ni kirefu mara 25 kuliko mfano wake. Kipimo hiki ni chepesi kwa hesabu: kila mita 1 ya kweli ni sentimita 4 katika mfano. Kwa hiyo twaa urefu wa kitu kwa mita, zidisha kwa 4, nawe utapata sentimita. Peugeot 404 ilikuwa na urefu wa karibu mita 4.4, mara 4 ni sentimita 17.6. Kimo chake kilikuwa karibu mita 1.45, mara 4 ni sentimita 5.8. Ubao wangu wa chini ulikuwa sentimita 80 kwa 60, basi ua wangu ulikuwa mita 20 kwa 15, nao watosha motokaa mbili, banda, na mahali pa kugeuzia.

Andika vipimo vyote katika daftari kwanza. Usikisie hata kimoja.

ARDHI NA BANDA

Ardhi niliifanya kwa udongo mwekundu wa barabarani. Udongo huo haufai kutumiwa kama ulivyo. Chembe ya mchanga yenye milimita 1, ukiizidisha mara 25, ni jiwe la sentimita 2 na nusu, na ua mzima utaonekana kama umemwagiwa kokoto. Utwange, kisha uchekeche kwa kitambaa cha kanga kuukuu. Paka ubao gundi ya unga wa muhogo iliyopikwa, nyunyiza vumbi hilo, ngoja likauke, halafu rudia. Njia za magurudumu zichorwe udongo ungali mbichi.

Banda lina nguzo za vijiti na paa la mabati. Hapa wengi hutumia karatasi ya mawimbi iliyo katikati ya maboksi. Mimi pia nilianza hivyo, kisha nikaipima. Wimbi la bati la kweli lina upana wa karibu sentimita 7 na nusu, yaani milimita 3 katika mfano, na mawimbi ya boksi langu yalizidi mara mbili. Nikaiacha. Nikatafuta chanuo ambalo meno yake yanapishana milimita 3, nikalaza juu yake karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, nikapitisha ncha ya kalamu iliyokwisha wino katikati ya meno. Likatoka bati zuri kabisa. Kutu niliipaka kwa maji ya udongo uleule.

MOTOKAA

Chora motokaa kwa kipimo chako mara tatu: ubavuni, mbele na juu. Bandika michoro katika kipande cha mti laini, kata kwa msumeno kufuata ubavu kwanza, halafu juu, kisha malizia kwa kisu na msasa. Angalia sana umbali wa kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma. Katika Peugeot 404 ni mita 2.65, basi katika mfano ni sentimita 10.6. Ukikosea hapo, motokaa haitafanana na yenyewe hata ukiipaka rangi nzuri namna gani. Magurudumu nilikata katika mpini wa ufagio, nikayavisha utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli.

Matope ni kazi ya mwisho. Usiyapake kila mahali. Matope hurushwa na magurudumu, kwa hiyo huwa mazito nyuma ya magurudumu na chini ya milango, na huwa membamba karibu na paa. Katika kioo cha mbele acha nusu duara mbili safi, pale vifutio vilipopita.

VYOMBO NA WATU

Debe la mafuta lilikuwa na kimo cha sentimita 35, basi katika mfano ni sentimita 1.4. Pipa la lita 200 ni karibu sentimita 3 na nusu. Spana nilizitengeneza kwa waya mwembamba uliopondwa kwa nyundo, nikazitundika ukutani kwa mpango, kubwa hata ndogo. Niliinua nguzo ya taa ya umeme. Watu watatu niliwafanya kwa waya uliozungushiwa uzi na karatasi iliyolowekwa. Nikasimama mbali nikautazama, nikajisifu.

SAFARI YA MUYINGA

Niliufunga mfano katika sanduku, nikapanda gari la abiria kwa njia ya Karuzi, sanduku mapajani. Mjomba alikuwa ameketi barazani.

"Karibu, mpwa wangu. Umeniletea mzinga wa nyuki?"

Nilimwambia ni ua wa Safari. Hakusema kitu. Aliunyoosha mkono, maana macho hayakumsaidia, akapapasa paa la banda, akashuka mpaka kwenye motokaa. Kidole kikafika nyuma, juu ya taa, mahali penye ncha mbili.

"Hii ni Peugeot," akasema. "404. Ina mapezi."

Nilifurahi sana. Kisha mkono wake ukamgusa fundi aliyesimama kando ya mlango.

"Na jitu hili ni la wapi?"

"Ni fundi, mjomba."

"Fundi huyu hataingia chini ya motokaa, wala hataketi ndani yake. Mpime."

Nilitoa rula mfukoni. Fundi wangu alikuwa na sentimita 9. Ukigawa kwa 4 ni mita 2 na robo. Nilikuwa nimepima motokaa, bati, hata debe, lakini watu niliwafanya kwa kukisia. Mimi niliyeandika "usikisie" katika daftari langu, na ambaye hupima milango ya watu kila siku, niliona haya.

"Spana ziko wapi?" akauliza.

"Ukutani."

"Nani aende ukutani gizani, na mvua inanyesha? Tulitandika gunia kando ya gurudumu, kila spana mahali pake, mkono ukaijua bila jicho. Na hii nguzo?"

"Taa ya umeme, mjomba."

"Uani kwetu hapakuwa na umeme. Palikuwa na karabai, na mshikaji wake ni mimi."

Hapo ndipo alipotueleza habari ambayo hata watoto wake hawakuwa wameisikia. Usiku wa mvua iliingia Volkswagen, imejaa matope mpaka madirishani. Mafundi wanne waliiingilia. Walibadili magurudumu mawili, wakaifunga ekzosi kwa waya, wakatia petroli kwa mrija wenye kitambaa ili maji yasipite. Yeye alipiga magoti karibu na gurudumu la nyuma, karabai mkononi, na joto lake likamwunguza vidole. Alipotikisika kidogo tu, fundi aliyelala chini alimpigia kelele, maana kivuli kilimfichia nati. Kisha motokaa ikaondoka.

"Ilifika?" nikamwuliza.

"Hakuna aliyekuja kumwambia mshika taa."

"Mwaka ule zilifika saba, mjomba."

"Najua. Tulisikia redioni. Lakini namba ya motokaa yetu sikuiona. Ilikuwa chini ya matope."

KUSAHIHISHA

Nilirudi Gitega na daftari jipya. Hapa mjini petu tunalo jumba la makumbusho la taifa, lililoanzishwa mwaka 1955, ambamo vitu vya wazee wetu vimehifadhiwa. Nami niliwaza kwamba kazi ya kijana wa gereji haitaingia katika jumba lolote asipokuwapo mtu wa kuuliza. Nilikuwa nimefanya ua wa mshindi, niliouona katika picha. Ua wa mjomba sikuwa nimeufanya.

Basi nikaanza tena. Volkswagen ya miaka ile ilikuwa na urefu wa mita 4.08, upana mita 1.54 na kimo mita 1.5: katika mfano ni sentimita 16.3 kwa 6.2 kwa 6. Nguzo ya umeme niliing'oa. Spana nilizilaza juu ya kipande cha gunia, uzi wake nimeuchambua ili usiwe mnene. Fundi mmoja nilimlaza chini ya motokaa, miguu tu ikaonekana. Watu wote niliwapima: mwenye mita 1.70 akawa na sentimita 6.8. Mlangoni sikuandika namba yoyote. Nilipaka matope tu.

Mwisho nilimfanya kijana wa mita 1.60, basi sentimita 6.4 akisimama, amepiga magoti, na karabai mkononi yenye kimo cha sentimita 1 na nusu. Wote niliwagandisha isipokuwa yeye, kwa sababu sikujua mahali pake hasa.

Nilifika Muyinga mara ya pili jioni. Mjomba alipapasa tena, polepole, bila kunena. Aliigusa miguu ya fundi chini ya motokaa, akacheka. Alipompata kijana, alimwinua kwa vidole viwili, akamsogeza mpaka karibu kabisa na gurudumu la nyuma, upande wa kushoto.

"Hapa. Ukikaa mbali huoni, na yule aliye chini haoni." Kisha akauliza, "Umeipaka rangi gani?"

"Nyeupe, mjomba."

"Haikuwa nyeupe."

"Ilikuwa rangi gani, basi?"

"Nikikwambia, utapaka kwa kusikia. Nitaitazama mwenyewe."

Asubuhi, nikifunga sanduku, nilimsikia akimwuliza binti yake ile karatasi ya daktari iliwekwa wapi.

Mpaka ninapoandika haya hajapasuliwa. Siku yake ni mwezi ujao. Mfano uko Muyinga juu ya kabati, motokaa bado ni nyeupe, na yule kijana sikumgandisha. Nanyi mtakaojaribu kazi hii, anzeni na rula, na kama yupo mzee aliyepafahamu mahali hapo, mwendeeni mapema kabla ya kukata mti.