Sista wetu yuko chama gani? Somo la vikundi juu ya wauguzi na vyama vyao

Somo hili lisomwe kwa sauti katika mkutano wa kikundi, polepole. Mtu akitaka kukatiza aruhusiwe. Tuanze na kisa.

Ilikuwa Agosti 2017, wiki chache tu baada ya uchaguzi. Kikundi kimoja cha akina mama, huko juu karibu na msitu ambako watu wanalima majani chai, kilikuwa na mkutano wake wa Alhamisi. Mimi nilikuwa nimealikwa kuwafundisha kuweka vitabu vya hesabu. Siku hiyo sikufundisha kitu. Nilipofika nilikuta akina mama wamenyamaza, na mwanachama mmoja ameketi peke yake mwisho wa benchi. Mama huyo ni muuguzi wa dispensari ya hapo. Wote wanamwita sista.

Wauguzi wa kaunti walikuwa wamegoma tangu tarehe 5 Juni. Dispensari ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Sasa mkaza mwana wa mweka hazina alishikwa na uchungu usiku, wakatafuta gari, wakamkimbiza hospitali moja ya misheni. Huko wodi ya wazazi ilikuwa imejaa mpaka akina mama wanalala watatu kitanda kimoja. Mtoto alizaliwa garini kabla hawajafika mlangoni. Mama na mtoto walipona, tumshukuru Mungu, lakini ule mtamba waliokuwa wakiulea uuze maziwa ukaenda kulipa gari na hospitali. Mweka hazina alisimama mbele ya kikundi akasema, "Chama chenu ndicho kilichofunga dispensari. Na wewe miezi miwili hujaleta mchango. Utuambie kama bado uko na sisi."

Sista alijibu kwa sauti ndogo. Alisema hajaleta mchango kwa sababu hajapata mshahara. Halafu akauliza, "Mnasema chama changu. Chama gani? Mimi niko katika viwili, na kuna cha tatu ambacho ni lazima."

Nikiri kwamba hata mimi, na diploma yangu ya ustawi wa jamii, sikuwa na jibu. Nilikuwa nadhani ni kitu kimoja chenye majina mengi. Basi tulikaa mpaka saa kumi na moja jioni akitufundisha yeye, na mengi ya somo hili nimeyapata pale kwenye benchi. Mengine niliyatafuta baadaye.

Kwanza hilo neno sista. Hapa kwetu lina watu wawili ndani yake: mtawa, na muuguzi hata kama ameolewa na ana watoto sita. Sababu ni kwamba wauguzi wengi wa kwanza walioonekana kwenye vijiji vya Nyeri walikuwa watawa. Wazee wa Gikondi walimjua Sista Irene Stefani wa Consolata, waliyemwita Nyaatha. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza aliwauguza wapagazi wa jeshi huko Voi, Kilwa na Lindi, na mwaka 1930 alifariki kwa ugonjwa wa tauni aliouambukizwa na mgonjwa aliyekuwa akimhudumia. Alitangazwa Mwenye Heri hapa Nyeri tarehe 23 Mei 2015, na wengi wenu mlikuwepo siku ile. Baadaye hospitali za misheni zikaanza kufundisha wasichana na wavulana wetu kazi hiyo: Mathari, Tumutumu, Chogoria, Nkubu. Serikali nayo ina chuo cha udaktari pale Nyeri mjini. Kwa hiyo nyumba nyingi kuzunguka Mlima Kenya zina mtoto mmoja muuguzi, na bado hatujui anasimamiwa na nani.

Sasa tuje kwenye vile vitatu.

Kile cha lazima ni Baraza la Wauguzi la Kenya. Hili limewekwa na sheria, Sheria ya Wauguzi ya mwaka 1983. Hakuna mtu anayeruhusiwa kufanya kazi ya uuguzi au ukunga bila kuandikishwa nalo na kuwa na leseni yake. Baraza ndilo linalokagua vyuo, linaloweka mtihani, na linaloweza kumwita muuguzi aliyekosa na hata kumwondoa katika daftari. Muuguzi anayetaka kufungua kliniki yake mwenyewe pale sokoni anahitaji leseni nyingine ya kazi hiyo ya binafsi, juu ya ile ya kwanza. Kumbukeni hapa: Baraza halipo kwa ajili ya kumtetea muuguzi. Lipo kwa ajili yako wewe unayelala kitandani. Mtu akikudunga sindano nyuma ya duka la dawa na hujui kama ni muuguzi kweli, hili ndilo linalohusika. Una haki ya kumwuliza akuonyeshe leseni. Uliza kwa heshima, lakini uliza. Muuguzi wa kweli haoni haya kuionyesha.

Cha pili ni Chama cha Kitaifa cha Wauguzi wa Kenya, kile kinachojulikana kwa herufi NNAK. Kilianza mwaka 1968. Hiki ni chama cha taaluma, yaani cha watu wenye ujuzi mmoja waliokubaliana kuulinda na kuukuza. Kuingia ni hiari. Hapa sista alitufanya tucheke, maana alisema, "Ni kama kikundi hiki chenu, ila sisi hatuna ng'ombe." Na ni kweli wanafanana na sisi. Wanachama wanalipa ada. Wana matawi huko kwenye kaunti, na ofisi kuu iko Nairobi. Viongozi wanachaguliwa na wanachama wenyewe, na mkubwa wao anaitwa rais wa chama. Tena ndani ya chama kuna vikundi vidogo vya ujuzi, kama wakunga, au wale wa chumba cha upasuaji, kwa sababu shida za mkunga si zile za muuguzi wa upasuaji. Kila mwaka wanakuwa na mkutano mkubwa wa kisayansi ambapo wanaelezana waliyoyaona kazini.

Faida yake ni nini kwa mtu wa kijijini? Kubwa naona ni masomo. Muuguzi aliyemaliza chuo mwaka 1990 alifundishwa mambo ambayo mengine yamekwisha badilika. Baraza linadai aendelee kujifunza ndipo leseni ifanywe upya, na chama ni mmoja wa wanaotayarisha mafunzo hayo. Mama akivuja damu baada ya kujifungua, tofauti kati ya sista aliyesoma mwaka jana na aliyesoma miaka thelathini iliyopita inaweza kuwa ni uhai. Faida nyingine ni sauti. Sheria ya afya ikiandikwa Nairobi, chama kinatakiwa kuwepo mezani kusema mambo ya dispensari yalivyo hasa, dispensari yenye muuguzi mmoja ambaye ndiye anayepima, anayezalisha, anayechanja, anayeandika, na jioni ndiye anayepiga deki.

Sauti hiyo imefika mbali kuliko tunavyodhani. NNAK ni mwanachama wa Baraza la Kimataifa la Wauguzi, lililoanzishwa 1899 na ambalo makao yake yako Geneva. Kati ya 1981 na 1985 rais wa baraza hilo la dunia nzima alikuwa Mkenya, Bi Eunice Muringo Kiereini, ambaye alikuwa muuguzi mkuu wa serikali ya Kenya. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kushika kiti hicho. Nilipolitaja jina hilo kwenye vikundi vitatu, hakuna hata mmoja aliyewahi kulisikia. Majina ya wakimbiaji tunayajua yote.

Cha tatu ni chama cha wafanyakazi, Muungano wa Kitaifa wa Wauguzi wa Kenya, KNUN. Hiki ndicho kinachopigania mshahara, marupurupu na masharti ya kazi, na hiki ndicho kinachoweza kuitisha mgomo. Kwa miaka mingi wauguzi wa serikali hawakuruhusiwa kuwa na kitu kama hicho. Mwishoni mwa 1997 waligoma wakidai pamoja na mambo mengine kitambuliwe, na hawakukipata. Mlango ulifunguliwa na Katiba ya 2010, ambayo katika kifungu cha 41 inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na haki ya kugoma. Mchango wa chama hiki unakatwa kwenye mshahara.

Sasa mnaona kosa letu siku ile. Mweka hazina alikuwa akimlaumu sista kwa chama kimoja huku akifikiria kingine. Tena kulikuwa na mhusika wa nne ambaye hakutajwa kabisa, naye ni mwajiri. Tangu 2013 dispensari na hospitali zetu za wilaya ziko mikononi mwa serikali za kaunti. Mgomo wa 2017 ulihusu mapatano ya mishahara ambayo chama cha wafanyakazi kilitaka yatiwe sahihi, nao magavana na tume ya mishahara hawakukubaliana nacho. Wauguzi wa hospitali za kanisa hawakuajiriwa na kaunti, kwa hiyo waliendelea na kazi, na ndiyo maana mzigo wote uliangukia huko. Mgomo uliisha tarehe 2 Novemba, miezi mitano kamili karibu. Je, mgomo wa watu wanaotunza wazazi ni haki? Mimi nimebadilisha mawazo mara mbili. Nimeona mama akiteseka, na nimeona pia muuguzi mmoja akipewa kazi ya watu wanne halafu akaitwa mvivu. Kikundi kijadili chenyewe.

Neno fupi juu ya wakunga. Mwenye kukuzalisha dispensari kwa kawaida ni muuguzi aliyesomea ukunga pamoja na uuguzi. Siku hizi wakunga wana chama chao pia, Chama cha Wakunga wa Kenya. Lakini cucu wa kijijini aliyezalisha nusu ya watu wa ridge hii hayumo katika vyama hivi, wala hana leseni. Tusimdharau. Serikali inataka yeye awe mtu wa kumsindikiza mama hospitali mapema, na cucu anayeheshimika anaweza kumfanya mama mkaidi aondoke nyumbani kabla hatari haijafika. Mwaka 2014 akina mama waliozalishwa na mtu mwenye ujuzi katika Kenya walikuwa 62 kwa kila 100. Mwaka 2022 walikuwa 89. Hata hivyo sensa ya 2019 ilikuta bado tunapoteza akina mama 355 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Kwa hiyo kufika hospitali peke yake hakutoshi. Ni lazima kuwe na mtu pale, mwenye ujuzi, mwenye dawa, na ambaye hajachoka mpaka kuanguka.

Basi mkiwa na shida, mtabisha mlango gani? Kikundi kimoja ninachokijua kiliandika barua nzuri sana kwa chama cha wauguzi kule Nairobi, kikidai dispensari yao iletewe muuguzi wa pili. Walingoja mwaka mzima. Chama hakiajiri mtu na hakipeleki mtu popote. Barua ile ilikuwa ya ofisi ya afya ya kaunti, na nakala kwa mwakilishi wa wadi. Mlango wa kwanza siku zote ni msimamizi wa dispensari yenyewe na kamati yake, ambayo watu wa hapo wamo ndani. Dawa hakuna, muuguzi hatoshi, mlango unafunguliwa saa nne: hayo ni ya kamati, halafu kaunti. Muuguzi amemtukana mama aliye katika uchungu, amemwacha peke yake, au amedai pesa ya mfukoni: anza na msimamizi, na lisiposikika andikia Baraza la Wauguzi. Barua iwe na tarehe, saa, mahali, jina la muuguzi kama mnalijua, jambo lilivyotokea bila kuongeza chumvi, na majina ya walioona. Baki na nakala. Barua inayosema tu "wauguzi wetu ni wabaya" hakuna ofisi itakayoifanyia kazi.

Na chama cha taaluma? Hicho mwalikeni. Ulizeni sista wenu kama tawi la kaunti linaweza kuleta mtu kuwafundisha dalili za hatari kwa mama mjamzito. Kila tarehe 5 Mei ni siku ya wakunga duniani na tarehe 12 Mei ni siku ya wauguzi, na mara nyingi siku hizo wanatafuta mahali pa kwenda. Wapeni chai na viazi.

Nirudi kwenye kile kikundi. Ilipofika jioni walipiga kura kwa mikono. Walikubaliana sista abaki, na mchango wake uandikwe kama deni mpaka mshahara utakaporudi. Kumi na wanne waliinua mikono. Watatu walikataa, na mmoja wao ni yule mweka hazina, ambaye aliniambia wakati wa kutoka kwamba ameelewa kila kitu, lakini mtamba wake haurudi kwa kuelewa. Sista alimaliza deni lake Machi iliyofuata.

Maswali ya kujadili. Katika kikundi chenu, nani anajua jina la msimamizi wa dispensari na majina ya kamati yake? Mliwahi kupeleka malalamiko, na mlipeleka mlango gani? Kama ni nyinyi mlikuwa kwenye mkutano ule wa Agosti, mtamba umekwisha uzwa na sista ameketi mwisho wa benchi, mngeinua mkono au mngeuweka chini?