Mtafute Fundi wa Stima Soketi Ikiwa Bado Nzima

Wadogo zangu wa Kiambere, na nyinyi wa Mutuobare, Kiritiri na ng'ambo ya Tana, leo nataka tuongee habari ya fundi wa stima. Swali hili hunijia usiku, tena kutoka kwa mtu mwenye hofu: Dada, soketi inanuka, taa zinafifia na kurudi, nimpigie nani? Nami hujibu ninavyoweza, lakini ukweli ni kwamba saa hiyo umeshachelewa kuchagua. Usiku wa moshi utamchukua yeyote mwenye koleo na bodaboda. Fundi wa kutegemewa hutafutwa mchana, nyumba ikiwa shwari, ukiwa na nafasi ya kumuuliza maswali na hata kumkataa.

Kwetu kazi hiyo ya kumtafuta ina ugumu wake. Bwawa la Kiambere lilianza kuzalisha umeme mwaka 1988, na leo mitambo yake ina uwezo wa megawati 168. Laini ya kilovolti 220 inaondoka hapo kwenda mpaka Rabai, kule Pwani, na kwa miaka mingi nyumba nyingi zilizo chini ya nyaya kubwa kama hizo ziliendelea kuwasha koroboi. Hilo linaniuma hadi leo. Wengi wetu mita tulizipata baada ya mwaka 2015, mradi wa Last Mile uliposhusha ada ya kuunganishiwa hadi shilingi 15,000. Kwa hiyo hatuna historia ndefu na mafundi wa stima. Mwashi tunamjua kwa kuta alizojenga tangu enzi za baba zetu. Ukuta mbovu unaonekana barabarani. Waya mbovu umefichwa ndani ya plasta, na aliyeuweka ameshalipwa akaenda.

Kabla ya kumwita yeyote, jua shida ni ya nani. Ukizimikiwa, chungulia kwa majirani. Kama wao nao wako gizani, hiyo ni kazi ya Kenya Power: piga 97771 au tumia *977#. Kama ni wewe peke yako, angalia kama tokeni zimeisha, kisha angalia kama swichi kuu imejishusha. Nguzo, waya unaotoka kwenye nguzo na mita yenyewe ni mali ya kampuni, na fundi wako hana ruhusa ya kuvigusa. Kuanzia mita kuingia ndani ni jukumu lako na fundi wako. Na mtu akija na koti la kuangaza akidai ni wa kampuni, akitaka pesa mkononi ili akurudishie stima, muombe kitambulisho cha kazi, kisha upige 97771 uulize kama wanamjua. Mlango ubaki umefungwa mpaka ujibiwe. Mwenye kazi halali hatakasirika kusubiri.

Sasa fundi. Sheria ya Kenya inamtaka anayefanya kazi ya wayaringi awe na leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati. Leseni zina madaraja. Kwa nyumba ya kawaida yenye stima ya fezi moja, daraja la C-2 linatosha. Mwambie akuonyeshe, usome jina, ulilinganishe na kitambulisho chake, uangalie na tarehe ya mwisho, kwa sababu leseni huisha. EPRA huweka orodha ya wenye leseni kwenye tovuti yake, kwa hiyo hata kama wewe huna intaneti, kijana wako aliye Nairobi au Embu anaweza kukutazamia jina hilo.

Najua mtaniambia nini: Dada, huku kwetu wenye leseni ni wachache, lakini kuna kijana pale sokoni anajua kazi. Nakubali, anaweza kuwa hodari kweli. Wapo waliosomea ufundi katika chuo kile cha Jeremiah Nyagah ambacho zamani tulikiita Rwika, na wapo waliofanya majaribio ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, ambayo huanzia gredi ya tatu na kupanda hadi ya kwanza. Vijana hawa siwadharau hata kidogo. Nataka wapate kazi. Ninachowaomba ni hiki: kijana afanye kazi chini ya mwenye leseni, na mwenye leseni aje aipime na kuitilia sahihi. Wayaringi mpya ikikamilika, cheti cha ukamilisho hutolewa kikiwa na jina na namba ya leseni ya aliyeikagua, na bila cheti hicho Kenya Power haikuwekei mita. Muulize mapema, tena mbele ya shahidi: cheti kitatoka kwa jina la nani? Fundi anayenunua sahihi ya mtu asiyewahi kufika kwako atababaika hapo hapo.

Usimjaribu kwa nyumba nzima. Mpe kazi ndogo kwanza, soketi moja iliyolegea au swichi ya jikoni, kisha simama karibu umtazame. Fundi mwema hakimbilii soketi. Atakuuliza iliharibika lini na ulikuwa umechomeka nini, pasi au birika. Atachukua tester aiguse kwenye soketi nzima aone kitaa cha ndani kikiwaka, ndipo azime swichi kuu, awaambie watoto wasiiguse, kisha arudi na tester ile ile kwenye soketi mbovu. Anafanya hivyo kwa sababu tester iliyokufa itamwambia hakuna moto hata pale ulipo. Akishafungua, mwombe akuonyeshe ndani. Mara nyingi utakuta skurubu imelegea, ganda la waya limeyeyuka na shaba imekuwa nyeusi, kwani muungano uliolegea huchemka kila unapopiga pasi. Mwema atakata sehemu iliyoungua mpaka apate shaba inayong'aa, afunge soketi mpya, avute kila waya kwa kidole kuhakikisha haubanduki. Mwingine atazungushia tepu nyeusi, asukumize ndani, akuambie mama, iko sawa. Huyo mlipe nauli yake, na namba yake uifute.

Kipimo kingine nakiamini kuliko vyote. Breka ikiwa inaruka kila mara, mwulize atafanyaje. Akikuambia atakuwekea kubwa zaidi ili isiruke, shukuru umemjua mapema. Breka huruka kwa sababu waya umebeba mzigo usiouweza, au kuna hitilafu mahali. Ukiweka kubwa bila kubadilisha waya, breka itatulia na waya utawaka ndani ya ukuta. Kwa kawaida taa hupewa waya wa milimita 1.5 na soketi 2.5. Kifaa kinachokula stima nyingi, kama shawa ya kuchemsha maji papo hapo, hutaka waya mnene zaidi na breka yake peke yake. Wewe uliyefungiwa redibodi na mradi wa Last Mile, kile kibao chenye soketi na swichi, usikubali mtu akuvutie vyumba vingine vitatu kutoka hapo kwa waya mwembamba wa redio.

Na yule anayejitolea kukurukia mita ili tokeni zisiishe, mtoe nje ya boma siku hiyo hiyo. Huo ni wizi kisheria, na mwenye nyumba anaweza kushtakiwa.

Vifaa nunua mwenyewe, au nendeni pamoja hadi hadiwea ya Kiritiri. Mwambie akuandikie orodha, unene wa waya ukiwemo. Tafuta alama ya ubora ya KEBS yenye namba ya kibali. Andika SM# ukifuatisha namba hiyo, utume kwa 20023, utajibiwa kibali ni cha nani. Risiti ibaki kwako. Malipo ya kazi yagawanye: kiasi akianza, kilichobaki akimaliza kupima mbele yako, na yote yapite kwa M-Pesa ili kumbukumbu ibaki. Kama amepanda bodaboda kutoka mbali, nauli hiyo mkubaliane kabla hajaondoka kwake, maana ugomvi mwingi huanzia hapo.

Huku kwetu Mbeere kuna jambo moja ambalo fundi wa kutoka sehemu za baridi anaweza kulipuuza, nalo ni waya wa ardhini, ule wa kijani na manjano. Kazi yake ni kupeleka umeme uliopotea njia ardhini badala ya kuupitisha mwilini mwako. Udongo wetu ni mkavu na una mchanga, na udongo mkavu haupokei umeme vizuri. Fimbo fupi iliyochomekwa kando ya ukuta wakati wa mvua, mwezi wa Aprili, inaweza kuwa haina maana kufikia Agosti. Mwambie aizamishe chini kabisa, aipime kwa kifaa, akuonyeshe namba aliyoipata, na mkubaliane arudi kuipima kiangazi. Tena mwombe akuwekee ile breka inayokata stima mara tu umeme unapovuja. Ni gharama, lakini ukiwa na watoto wanaotembea peku, naomba uanzie hapo kabla ya kununua televisheni.

Kuna dada zangu ambao waume wenu wako Nairobi, na fundi anatumwa na mzee kwa simu. Nyinyi ndio mnaolala katika nyumba hiyo. Mna haki ya kuuliza maswali haya yote na kumkataa aliyetumwa. Akiwa ni shemeji au mwana wa jirani, mambo huwa mazito, nayaelewa. Mpikie chai, mheshimu, lakini leseni uitake kama ungeitaka kwa mgeni, na umlipe kikamilifu. Kazi ya bure ya ndugu ndiyo ngumu zaidi kuirudisha ikiharibika.

Hatari ikija kabla fundi hajafika, mambo ni machache. Soketi ikitoa moshi, zima swichi kuu kwanza, maji usimwage. Mtu akinaswa, usimshike: zima stima, na kama huwezi, simama pakavu umsukume kwa mti mkavu, kisha umkimbize hospitali hata akisema yuko salama, kwa sababu moyo unaweza kusumbuka baadaye. Waya wa nguzo ukianguka baada ya upepo wa mvua, kaa mbali nao, zuia watoto na mbuzi, piga 97771. Usiamini kwamba umekufa kwa kuwa hautoi cheche.

Ukishampata fundi wako, namba yake usiiache kwenye simu yako pekee. Iandike kwa kalamu nene ukutani kando ya swichi kuu, pamoja na ya fundi wa pili, 97771 na namba ya mita yako. Halafu mwite nyanya, mwite na mtoto mkubwa, kila mmoja aishushe swichi hiyo kwa mkono wake mwenyewe ukiwa umesimama hapo.