JUMANNE: Maji Yaliyomwagika

Soma 2 Samweli 12:13–23 na 2 Samweli 14:14. Msamaha ulibadilisha nini katika maisha ya Daudi, na nini haukukibadilisha?

Asubuhi ya Jumanne, Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilipinduka ikikaribia Mwanza, ikiwa na watu wengi kuliko uwezo wake. Kwa muda tumbo la meli lilielea juu ya maji, na watu walisikika wakigonga kutoka ndani. Waokoaji walipotoboa tundu ili wawatoe, hewa ikatoka na meli ikazama. Mamia walikufa. Wengi wamezikwa Igoma. Wengine ziwa halikuwarudisha.

Tangu siku hiyo, wako kandokando ya ziwa hili wanaolala na kuamka na neno moja: ningejua! Huyu alimkatia mdogo wake tiketi. Yule alimsihi mama asichelewe safari.

Biblia haiwadanganyi watu hao. Mwanamke wa Tekoa alimwambia mfalme kwamba tukifa tunakuwa kama maji yaliyomwagika chini. Wazee wetu nao wanajua kwamba maji ya namna hiyo hayazoleki. Daudi alitubu, akasamehewa. Lakini Uria hakurudi, na mtoto akafa. Msamaha haukufuta tukio. Ulifuta hatia. Ndipo Daudi alipoinuka, akaoga, akaabudu, akala.

Tutofautishe mambo mawili. Aliyekata tiketi hakutenda dhambi: anahitaji faraja, si toba. Lakini anayejaza chombo kupita kiasi kwa tamaa ya nauli anahitaji toba, tena toba ya Zakayo, ambaye alirudisha alichoweza kurudisha (Luka 19:8). Majuto peke yake hayatoshi. Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara, nayo ilikuwa imezidisha abiria.

Mwanamke wa Tekoa hakuishia kwenye maji. Alisema Mungu hutafuta njia ili aliyefukuzwa asibaki mbali naye. Njia hiyo ni Kristo. Hata yeye alifufuka akiwa na alama za misumari (Yohana 20:27). Mungu hakuifuta Ijumaa ile. Aliifanya kuwa wokovu wetu. Na sauti itakayowaita waliolala makaburini (Yohana 5:28, 29) itasikika Igoma, na chini ya ziwa pia.

Maswali ya kujadili:

1. Je, kuna jambo la zamani unalojihukumu nalo ambalo Mungu hakuhukumu? Utalijuaje?

2. Je, kuna mtu unayeweza kumlipa, kumrudishia au kumwomba radhi kabla ya Sabato hii? Ni nini kinachokuzuia?

3. Darasa lenu linaweza kumsaidiaje mfiwa ambaye bado anasema "ningejua", bila kumharakisha aache kulia?