Dawa za Kuchangamsha Ubongo: Dozi ya Mmoja Si Dozi ya Wote

Daktari anapomwandikia mgonjwa dawa ya kuchangamsha ubongo, kama vile methilifenideti au dawa za jamii ya amfetamini, huwa amekusudia kutibu tatizo mahususi. Mara nyingi tatizo hilo ni upungufu wa umakini unaoambatana na utukutu uliopita kiasi, ambao huwapata watoto na hata watu wazima. Dawa hizi huongeza nguvu ya kemikali mbili za ubongo, dopamini na noradrenalini, zinazomsaidia mtu kutulia na kuzingatia jambo. Hata hivyo, huuongezea moyo kasi na kupandisha shinikizo la damu. Aidha, zinaweza kumfanya mtumiaji awe mraibu. Ndiyo maana zimo katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 wa kudhibiti dawa zinazoathiri akili, na hutolewa kwa cheti cha daktari.

Kabla ya kuanza dawa

Mweleze daktari iwapo una ugonjwa wa moyo, au iwapo katika ukoo wenu yupo aliyefariki ghafla akiwa bado kijana. Taja pia shinikizo la damu, presha ya macho, maradhi ya akili, ujauzito, unyonyeshaji na dawa nyingine unazotumia. Zipo dawa za sonona ambazo ni lazima ziwe zimeachwa kwa siku 14 kwanza.

Maudhi ya kawaida

Mtumiaji anaweza kukosa hamu ya kula, kukosa usingizi, kuumwa kichwa au tumbo, na kukaukiwa kinywa. Mpe mtoto chakula kabla ya dozi ya asubuhi, na usimpe dawa jioni ila kwa maelekezo ya daktari. Mtoto apimwe uzito, urefu na shinikizo la damu mara kwa mara, kwani dawa hizi zinaweza kupunguza kasi ya ukuaji wake. Vidonge vinavyofanya kazi polepole vimezwe vizima. Visitafunwe wala kusagwa.

Dalili za hatari

Nenda hospitali bila kuchelewa endapo mtumiaji:

- anaumwa kifua, anapumua kwa shida au amezirai;
- anaona au kusikia visivyokuwapo;
- ana mawazo ya kujidhuru;
- uume wake umesimama kwa muda mrefu ukiwa na maumivu.

Vidole vikifa ganzi au kubadilika rangi, mjulishe daktari mapema.

Usimgawie mwenzako

Mwanafunzi anaweza kumpa rafiki yake kidonge kimoja ili akeshe akijisomea mtihani. Kwa aliyeandikiwa, dozi hiyo imepimwa na inafuatiliwa. Rafiki yake huenda ana kasoro ya moyo asiyoijua, na kidonge hicho kikamletea maafa. Wema wa namna hiyo ni hatari, nao ni kinyume cha sheria.

Weka dawa mahali panapofungwa na uhesabu vidonge kila wiki. Vilivyobaki mrudishie mfamasia. Usiongeze dozi wala kuiacha ghafla kwa uamuzi wako mwenyewe. Aliyeipima ndiye wa kuibadili.