Somo la Maneno: KUMIMINA RISASI



Juzi mwanakisomo mmoja alinionyesha barua aliyotaka kuipeleka kwa Mtendaji wa Kijiji. Ameandika: "Mgambo alitumiminia risasi." Nikamwuliza, "Mzee, risasi zilikuwa ngapi?" Akajibu, "Moja tu, tena aliipiga juu." Tukakaa tukaisahihisha. Haya, tujifunze wote.

Kumimina ni kumwaga kitu kikatoka mfululizo. Mama anamimina uji kikombeni. Tunamimina mahindi guniani. Basi kumimina risasi ni kupiga risasi nyingi mfululizo, bila kituo. Kama risasi ni moja, andika "alipiga risasi moja". Kama ni tatu, andika tatu.

Soma kwa sauti:
1. Askari walimimina risasi.
2. Askari waliwamiminia adui risasi.
3. Adui walimiminiwa risasi.

Sentensi ya kwanza haisemi nani alipigwa. Ya pili inasema. Ya tatu inaanza na waliopigwa.

Bunduki ya kazi hiyo huitwa rashasha. Neno hili lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya mwanzo ni kunyunyiza. Ndugu zake ni marashi, na rasharasha, yaani manyunyu ya mvua. Wazee wetu waliiita bombomu.

Bombomu wazee waliijua kwa uchungu. Vita vya Maji Maji vilianza mwaka 1905 huko Umatumbi. Watu waliambiwa kwamba dawa ya maji itazigeuza risasi za Wajerumani ziwe maji. Tarehe 30 Agosti 1905, maelfu ya wapiganaji walilishambulia boma la Mahenge. Wajerumani wakawamiminia risasi za bombomu. Risasi hazikugeuka maji, bali zilimiminika kama maji. Watu wengi sana walikufa. Hapo ndipo mahali pa neno hili.

Kwa hiyo, ndugu, neno zito tulipe jambo zito. Barua yako ni ushahidi. Ukiandika "alimimina" kwa risasi moja, unaweza kumtia mtu hatiani bure. Na siku risasi zikimiminwa kweli, nani atakuamini?

ZOEZI
1. Risasi moja na kumimina risasi vina tofauti gani?
2. Taja maneno mawili yaliyo ndugu wa "rashasha".
3. Tunga sentensi yako ukitumia "walimiminiwa".